Kesi ya Karasha na Kompyuta ya Dorka

Dorka Atieno hakuwa mtu wa kukosea. Ungemwuliza mwenyewe angekwambia. Aliwahi kuchapa barua ya kuomba kazi ya kijana wa watu ikiwa na jina la kijana mwingine kabisa, na bado akasema kosa ni la yule kijana, kwa nini jina lake linafanana na la wenzake. Ndivyo alivyokuwa. Lakini upande ule wa Matongo, karibu na mashimo, steshenari ilikuwa yake tu, na miaka ile ya dhahabu kila mtu alikuwa na jambo la kuchapiwa. Huyu ana mkataba wa duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, yule ana maombi ya leseni, mwingine anataka ratiba ya mazishi yenye picha ya marehemu akicheka. Kwa hiyo watu walimvumilia, na wengi, tuseme kweli, walimpenda.

Ukuta kwa ukuta na steshenari hiyo palikuwa na karasha ya Agustina Ghati. Kama hujawahi kuiona karasha, ni pipa zito la chuma lenye magololi ndani, linazungushwa na mota, na kazi yake ni kusaga mawe ya dhahabu mpaka yawe unga. Kelele yake ukiizoea unalala nayo, usipoizoea, unahama. Agustina, ambaye Dorka alimwita Mama Mokami, alikuwa mama wa Kikurya mwenye mabega mapana na maneno machache. Uwanjani kwake walikuwapo wanawake wanane wakigonga mawe na kuchekecha, na watoto wa wanawake wote wanane walikuwa wakila na kusoma kwa sababu ya pipa lile.

Miaka saba hao wawili walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Walikuwa wametoa tofali moja ukutani, na saa nne kila asubuhi kikombe cha chai ya maziwa kilipita tunduni kwenda upande wa Dorka, na mandazi yakapita kwenda upande wa Agustina. Mume wa Dorka, Elkana, alipofariki, Agustina aliizima karasha siku nne. Siku nne, na mawe ya watu yamejaa uwanja mzima! Wenye mawe walipokuja juu, aliwajibu, "Jirani yangu analia. Ngojeni." Akaingia kwa Dorka akakaa naye.

Sasa wiki ya tatu hiyo walikuwa hawasalimiani, na tundu lilikuwa limezibwa na boksi la karatasi. Chanzo ni kompyuta.

Ilianza kidogokidogo. Kwanza asubuhi ikawa haiwaki. Unabonyeza, kimya. Unabonyeza tena, feni inazunguka kidogo inakata tamaa. Mara ya tatu au ya nne ndiyo inakubali. Dorka akasema umeme wa asubuhi ni mdogo kwa sababu karasha imeshaumeza. Halafu ikaanza kuzimika yenyewe, hasa akifungua picha nyingi kwa pamoja au akiwachomea wanakwaya sidii. Paa! Skrini nyeusi, halafu inaanza kuwaka upya mwanzo kabisa kama vile hakuna kilichotokea, na kazi ya saa nzima imepotea. Dorka akasema karasha ikiwashwa inavuta umeme wa mtaa mzima. Kukaja harufu ya kitu kinachoungua. Nyuma ya uwanja wa Agustina kulikuwa na watu wanaochoma dhahabu kwa zebaki juu ya makaa, basi Dorka akafunga dirisha na kuwatukana kwa Kijaluo, lugha ambayo aliona inafaa zaidi kwa kazi hiyo.

Na ukigusa ile sipiyu, yaani lile boksi la kompyuta lililokaa chini ya meza, ulisikia vidole vinachachatika. Hapo Mzee Nchagwa, mteja wake wa siku nyingi, alitoa utaalamu wake. Alisema hiyo ni dalili ya mkondo wa dhahabu chini ya sakafu, kwamba dhahabu ikiwa nyingi inavuta umeme juu. Kesho yake vijana wawili walifika na kamba ya kupimia, wanaulizia kwa adabu kama Mama Sharon, ndivyo mtaa ulivyomwita Dorka, angewaruhusu kuzamisha duara pale kati ya fotokopi na mlango. Aliwafukuza na ufagio.

Alinunua stebilaiza, kile kifaa cha kutuliza umeme, huko Sirari mpakani. Kompyuta ikaendelea kuzimika. Mtu mwingine angejiuliza. Dorka hakujiuliza, alisema tu, "Mnaona? Karasha ya huyu mama inapita mpaka kwenye stebilaiza!"

Fundi Odoyo wa Sirari, aliyemwuzia kompyuta hiyo, alimpigia simu siku moja kumsikiliza. Odoyo aliishi hatua chache kutoka mpakani na Kiswahili chake kilikuwa na mguu mmoja Kenya. "Madam, hebu niambie. Inazima hata kama hiyo karasha haiko on?"

"Haizimwi kamwe hiyo!" Dorka akapiga kelele kushinda ngurumo za ukutani. "Unaisikia? Hebu sikiliza!" Akainua simu kuelekea ukutani, na alipoirudisha sikioni Odoyo alikuwa ameshakata.

Basi siku moja alisimama kwenye kikao cha kitongoji, mbele za watu, Agustina akiwa amekaa mstari wa pili, akasema karasha ile ni balaa, inamwua kiuchumi, ihamishwe. Watu wakageuka kumtazama Agustina. Mwenyekiti, Mzee Waitara, ambaye alipenda utaratibu kuliko ugali, akasema malalamiko ya mdomo hayatoshi: iletwe barua, na karatasi ya saini za wananchi, Jumapili ya pili kutoka hiyo, saa tisa. Saini zikizidi hamsini, Agustina atapewa siku thelathini aondoe karasha. Na kila mtu alijua maana yake. Kiwanja kingine chenye umeme hakikuwapo Matongo nzima, vyote vilikuwa vimeshatekwa. Karasha ikitoka pale, imekwisha, na wale wanawake wanane wamekwisha nayo.

Karatasi ya saini ikaanza kuzunguka. Nani angemkatalia Dorka, mtu anayekuchapia barua zako zote na anajua siri zako zote? Mzee Nchagwa alisaini wa kwanza. Kwake hakukuwa na umeme hata wa betri. "Nasaini kwa ajili ya Mama Sharon," alisema. "Isitoshe, kandili yangu nayo siku hizi inazimikazimika." Karatasi ilipita kwenye mashine ya unga, ikapita kilabuni, ikapita kwenye maduara, na Ijumaa ikarudi na alama za mafuta na vidole vyekundu vya udongo. Dorka hakusoma majina. Aliangalia namba ya mwisho: sitini na nne. Akaikunja akaiweka kwenye mtoto wa meza.

Ilibaki barua yenyewe. Na hapo ndipo mambo yalipomgeukia, kwa sababu aliamua kuichapa Jumamosi.

Kila Jumamosi Dorka alikuwa Sirari. Alfajiri anapanda bodaboda, ananunua karatasi na wino, anavuka kidogo kumwona dada yake, jioni anarudi. Jumapili yeye ni kanisani na duka halifunguliwi. Na Agustina alikuwa Msabato. Ijumaa jua likizama anaizima karasha, haiguswi mpaka jua lizame Jumamosi. Dorka aliyajua hayo miaka saba, kama unavyojua rangi ya bati la jirani. Ila hakuwahi hata siku moja kukaa ndani ya ukimya huo na kompyuta yake ikiwa inawaka.

Jumamosi hiyo hakwenda Sirari. Alifungua duka mchana, akabonyeza mara nne, kompyuta ikawaka, akaanza kuchapa. Akasikia kuku. Akasikia redio ya saluni iliyoko ng'ambo ya barabara, maneno yote. Akasikia vidole vyake mwenyewe kwenye kibodi, akashangaa kumbe vina sauti. Alichapa vizuri sana, maana hasira ilimsaidia. Alifika katikati: "Karasha hiyo huizima kompyuta yangu kila mara inapowa—"

Paa! Skrini nyeusi.

"Mama Mokami we!" Dorka akapiga kelele kuelekea ukutani, ameshanyanyua na mkono. "Unaniona mimi ni—"

Akanyamaza, mkono ukiwa bado juu. Kuku alilia. Redio ya saluni iliendelea kuimba bila hata kukwaruza.

Aliushusha mkono taratibu. Akaangalia taa ya dukani: inawaka. Akaangalia stebilaiza: taa ya kijani, imetulia. Umeme ulikuwapo kwa kila mtu isipokuwa kwa kompyuta yake. Akachungulia dirishani akitafuta karasha nyingine, yoyote, hata ya mbali. Hakuna. Wenye makarasha wengine walikuwa bondeni huko, na laini yao ni nyingine.

Kompyuta ikaanza kuwaka upya yenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu shida ianze Dorka aliisikia. Nyuma ya sipiyu kulikuwa na kitu kinachokwaruza, tik, tik, tik, na juu yake mlio mwembamba wa mbu. Akapiga magoti. Harufu ile ile ya kuungua ikampiga usoni, na leo hapakuwa na mtu yeyote anayechoma dhahabu. Akapeleka kiganja nyuma pale waya wa umeme unapoingia, mahali feni inapopaswa kutoa upepo. Upepo hakuna. Chuma cha moto, vumbi la mawe limeganda kwenye matundu. Vidole vikachachatika.

"Mama yangu," Dorka akasema.

Aibu ilimpanda kuanzia miguuni, na alibaki vile vile amepiga magoti, mtu mzima, peke yake sakafuni. Wazo la kwanza lililomjia si zuri, na hatutamficha: hakuna aliyeona. Barua angeweza kuimalizia kwa mkono. Saini sitini na nne zipo. Kesho saa tisa mambo yamekwisha, na Dorka Atieno bado hajawahi kukosea. Alilikalia wazo hilo kwa muda, akaligeuza huku na huku. Halafu akaliona boksi la karatasi lililoziba tundu, akazikumbuka zile siku nne, jinsi Matongo ilivyokuwa kimya akasikika analia yeye tu. Akachukua simu.

"Odoyo, habari za huko. Ile kompyuta."

"Eeh, madam. Karasha iko on sasa hivi?"

"Imezimwa. Leo ni Sabato yao."

"Na kompyuta?"

"Imezimika."

Odoyo alicheka mpaka akakohoa. "Basi huyo jirani hana makosa, madam. Hiyo ni pawa saplai inakufa. Hicho kiboksi ndani ya sipiyu kinachogawa umeme. Inakufa polepole hivyo, ikipewa kazi nzito inaanguka. Lakini ipime kwanza, nisikutumie kitu haukihitaji. Uko na mtu ako na tesita huko?"

Upande ule wote wa Matongo mwenye tesita, kile kipima umeme, alikuwa mmoja. Na Odoyo, bila kujua, akasema, "Si uulize mwenye karasha? Watu wa mota lazima wako nayo."

Agustina alikuwa amekaa kibarazani kwake na gauni la kanisani, viatu amevua, Biblia pajani. Alimwona Dorka anakuja tangu langoni wala hakuinuka.

"Habari za Sabato, Mama Mokami."

"Njema, Mama Sharon. Leo hukwenda Sirari?"

"Sikwenda." Dorka akakanyaga mguu mmoja kwa mwingine. "Nimekuja kuazima tesita."

"Kazi gani?"

"Kompyuta. Imezimika. Sasa hivi."

Agustina akageuza kichwa, akaitazama karasha yake imelala kimya chini ya turubai. Kisha akamtazama Dorka, muda mrefu kidogo kuliko Dorka alivyopenda. Aliingia ndani akatoka na tesita na kigoda.

"Leo mimi sishiki kazi mpaka jua lizame," alisema. "Lakini kuangalia si kazi. Twende."

Akaweka kigoda katikati ya steshenari, akakaa wima, mikono juu ya mapaja, gauni limetandazwa vizuri. Akavuta pumzi puani. "Harufu hii ilianza lini?"

"Mwezi mzima sasa. Nilidhani ni wale wenu wa zebaki."

"Zebaki haina harufu, Mama Sharon. Ndiyo ubaya wake, wanavuta bila kujua, kila siku nawasemesha. Hiki ni kitu cha umeme kinachoungua. Mota yangu ilinuka hivihivi kabla ya kufa. Chomoa kwenye ukuta kwanza. Kwanza, nimesema!"

Dorka akachomoa. Akafungua ubavu wa sipiyu kwa bisibisi, vumbi la mawe likamwagika sakafuni, unga mtupu wa Matongo. Odoyo alikuwa kwenye simu, spika imewekwa, anaeleza waya kwa rangi. Kiboksi chenyewe cha pawa saplai kilikuwa nyuma, juu. Dorka akapeleka bisibisi kwenye skrubu zake.

"Acha hiyo!" Agustina na Odoyo walisema kwa pamoja.

"Hicho hakifunguliwi," Agustina akasema, akainua kidole gumba chake kuonyesha kovu jeupe. "Mota yangu ina kapasita ya ukubwa wa kikombe. Nilichomoa umeme, nikaigusa, ikanitupa mpaka kwenye marundo ya mawe. Vitu hivi vinabaki na umeme ndani hata ukichomoa. Unapima kwa nje tu."

Odoyo akasema achomoe ile plagi pana, atafute waya wa kijani na mmoja mweusi, aziunganishe kwa kipande cha waya. "Madam, klipu ya karatasi inatosha. Uko nayo?"

"Odoyo, mimi ni steshenari," Dorka akasema, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu Agustina akatabasamu, kidogo tu, halafu akalificha tabasamu.

Klipu ikakunjwa ikaingizwa. Umeme ukawashwa. Feni ya pawa saplai ikajivuta, ikakwaruza, ikasimama, ikajivuta tena. Dorka akashika ncha moja ya tesita kwenye nyeusi na nyingine kwenye njano.

"Hapo usome volti kumi na mbili," Odoyo akasema. "Ikipanda au kushuka kidogo, sawa."

"Tisa na nusu," Dorka akasoma. "Nane. Tisa. Inacheza."

"Imekwenda hiyo. Nakutumia mpya na boda Jumatatu."

Dorka akakata simu. Alipaswa kusema neno hapo. Kila mtu aliyewahi kuwa na rafiki anajua neno lenyewe. Lilikuwa hapo mdomoni, limejaa, na alichosema ni, "Tesita yako nzuri."

"Ya Musoma," Agustina akasema. Akainuka, akachukua kigoda chake. Mlangoni akageuka. "Kesho kikao ni saa tisa, siyo?"

"Saa tisa."

"Haya." Akaenda zake. Jua lilipozama karasha ikaanza kunguruma ng'ambo ya ukuta, na Dorka, ambaye wiki tatu alikuwa akiilaani, alikaa akaisikiliza na machozi yakamtoka.

Jumapili ofisi ya kitongoji ilijaa mpaka madirishani, maana kesi ya majirani wawili ina watu wengi kuliko mkutano wa maji. Agustina alikaa mstari ule ule wa pili. Dorka akasimama na barua ya kuandika kwa mkono, iliyomtesa tangu alfajiri.

"Ndugu Mwenyekiti," akasoma. "Napenda kuutaarifu mkutano wako kwamba, kufuatia uchunguzi wa kitaalamu uliofanyika, imebainika kuwepo kwa hitilafu ya kiufundi katika kifaa husika, ambayo haihusiani moja kwa moja na mitambo ya jirani. Hivyo basi malalamiko yanaondolewa. Wako katika ujenzi wa taifa." Akakaa haraka.

Watu wakatazamana. "Amesemaje?" mtu mmoja akauliza. "Amesema kompyuta ni mbovu," akajibiwa.

Mzee Waitara akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Barua nimeipokea. Lakini saini ni za wananchi, si za Mama Sharon. Utaratibu ni kwamba kila aliyesaini afute mwenyewe. Nasoma majina. Namba moja, Nchagwa."

"Nafuta," Mzee Nchagwa akasema kwa huzuni. "Kumbe kandili yangu ilikuwa haina mafuta."

Wakaendelea hivyo, jina na nafuta, jina na nafuta, Dorka akiitazama sakafu na kuomba yaishe. Yalipofika arobaini na kitu, Mzee Waitara akasita. Akaisogeza karatasi karibu na macho, akaipeleka mbali.

"Namba arobaini na tatu," akasema polepole. "Agustina Ghati?"

Ofisi ililipuka kwa kicheko. Wengine walipiga mabenchi. Agustina akasimama, akanyoosha kitenge chake. "Nafuta," akasema, akataka kukaa.

"Ngoja!" Dorka alikuwa amesimama bila kujua. "Mama Mokami, wewe? Ulisaini ihamishwe karasha yako mwenyewe?"

"Karatasi ililetwa uwanjani. Nikasoma. Juu pameandikwa karasha inamharibia Mama Sharon kazi." Agustina alisema kama mtu anayeeleza bei ya chumvi. "Mimi kompyuta siijui, wewe ndiye unaijua. Na miaka yote saba sijawahi kusikia umekosea."

Kicheko kikarudi kikubwa zaidi. Agustina hakucheka.

"Nikasema kama ni kweli mimi ndiye ninayemtesa, basi niondoke. Usihangaike tena."

Kicheko kilikatika. Dorka alifungua mdomo, na yale maneno yote mazuri ya barua, hitilafu, kufuatia, imebainika, hayakuja hata moja. Alilia mbele ya kitongoji kizima, waziwazi, pua na macho.

"Nimekosea," akasema. "Nimekosea mimi. Si kifaa, ni mimi. Nisamehe, Agustina."

Watu wa Matongo waliokuwapo siku ile hadi leo watakwambia walilisikia hilo neno kwa masikio yao, na wengine watakuapia. Mzee Waitara, kwa kuogopa utaratibu usiharibike, akauliza kama hilo nalo liandikwe kwenye muhtasari.

"Andika," Dorka akasema, akijifuta na upindo wa kitenge.

"Hakuna haja," Agustina akasema. "Nimeshasikia." Akasogea kidogo kwenye benchi, pakabaki nafasi ya mtu mmoja.

Jumatatu bodaboda ilileta pawa saplai mpya ndani ya gazeti. Agustina alikuja akaifunga yeye mwenyewe, siku hiyo mikono ikiwa huru, na akakaza skrubu zote mpaka Dorka akahofia sipiyu itapasuka. Kabla ya hapo alikuwa ameshatundika turubai la zamani upande wa uwanja ili vumbi la mawe lisivuke. Dorka akabonyeza mara moja. Ikawaka. Feni ilitoa upepo mzuri wa baridi, na Dorka akauhisi kwa kiganja, kwa sababu kuisikia hakuweza: ng'ambo ya ukuta karasha ilikuwa imeshawashwa inanguruma.

Saa nne ilipofika alikuwa ameshatoa lile boksi la karatasi kwenye tundu. Alichukua mandazi manne, yote ya motomoto, akayapitisha yeye kwanza, na akauacha mkono wake upande wa pili mpaka ulipoguswa.